Nilivyomwaga Chumvi Mlangoni kwa Bibi Mskoti

Wapendwa, leo nimepatikana. Nimepatikana mchana kweupe, theluji ikianguka, mbele ya akina mama wa watu walioshika vikombe vya chai. Naandika haya nikiwa nimekaa sakafuni jikoni, mgongo kwenye hita, kwa sababu kukaa kwenye kiti naona aibu. (Kiti kimenikosea nini? Sijui. Ndivyo ninavyojisikia.)

Kwanza mnijue. Mimi ni Mama Atu, mtu wa Mbeya, na kabla ya kuhamia huku Toronto tulikaa Uingereza miaka mitano, mji wa Reading. Kwa hiyo mimi ni bingwa wa Waingereza. Ndivyo nilivyokuwa nikijitangaza mpaka mchana wa leo.

Kwa mtu aliyekaa Reading, mambo ni rahisi. Humsalimii mtu barabarani. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayeomba radhi. Akikuambia "siku moja karibu tunywe chai", usiende, maana hajakukaribisha, amekuaga. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta tuliongea naye mara moja tu, habari za mapipa ya taka, na siku ile wote wawili tuliona haya. Na kigari cha mtoto hakiguswi! Mwingereza atamchekea mtoto wako kwa mbali, atasema neno kuhusu mvua, atakwenda zake.

Sasa hapa tunakaa Weston, kwenye ghorofa la zamani karibu na mto Humber. Pembeni ya maegesho yetu kuna nyumba ndogo ya matofali yenye ngazi za mbao, na humo anakaa Bibi Morag, peke yake. Siku ya kwanza nilipomsikia akiongea, nikajidai.

"Ah, wewe ni Mwingereza! Nimekaa kwenu!"

Yule bibi akaniangalia kama mtu anayeangalia maziwa yanayotaka kufurika.

"Mimi ni Mskoti," akasema. "Kwetu ni Dundee, Uskoti."

Nikachukulia kwamba ni kama mtu wa Mbeya na mtu wa Iringa. Tofauti ipo, lakini si ya kugombania. (Watu wa Iringa, tulieni.)

Kumbe! Kesho yake Bibi Morag akapiga hodi na sufuria ya supu ya shayiri. Hakutoa taarifa, hakuomba radhi kwa usumbufu. Akaingia, akauliza kodi tunalipa kiasi gani, mume wangu anafanya kazi gani, na mbona nimekonda. Maswali ya shangazi kabisa! Nilipokwenda kwake nikakataa chai mara moja kwa adabu za Reading, akaniwekea hivyo hivyo. Nikakataa biskuti, akanijazia sahani. Uji wake wa shayiri anautia chumvi, na ukitaja sukari anakutazama kwa huruma. Ananiita kuku. (Kwao ni neno la mapenzi. Niliuliza mara mbili.)

Nilimpenda, sikatai. Lakini bingwa ni bingwa. Ndani kabisa ya kichwa changu nilikuwa bado nampima kwa kipimo cha Reading, na kipimo kile kilikuwa kinaniambia kwamba mwanamke huyu hayuko sawa.

Sasa sikilizeni kilichokuwa hatarini. Kesho Jumatatu naanza kazi, mapokezi, kwenye kliniki ya meno huko mjini. Nimeitafuta kazi hii mpaka nimeota meno. Na vituo vya kulelea watoto hapa unatakiwa uandikishe mtoto akiwa bado ni wazo. Mtoto wangu Atu ana miezi tisa, ameshachelewa. Nani alisema, bila kuombwa, "Niletee mimi"? Bibi Morag. Bila yeye, hakuna kazi.

Asubuhi ya leo basi. Nilikuwa sijalala, Atu anaota jino. Theluji ilianza tangu usiku, ile ya vipande vikubwa, inashuka taratibu bila upepo, na dunia yote imenyamaza. Mimi kwa kawaida ni mtu wa kuota mchana. Nikikosa usingizi ndio kabisa, naelea. Nilikuwa nimesimama dirishani sijui kwa muda gani, nikiangalia magari ya maegeshoni yakigeuka vilima, ndipo nikakumbuka blanketi la kigari linahitaji kufuliwa. Nikalikung'uta.

Ting!

Kitu kikaanguka. Kikabingirika polepole, kikapita chini ya meza, kikazunguka, kikalala karibu na mguu wangu. Sarafu. Lakini si ya Kanada, na si ya kwetu. Ya fedha, ya zamani, upande mmoja kuna mfalme aliyefutika uso, amebaki na sikio tu.

Nikakumbuka. Jana Bibi Morag alituinamia nje ya lango wakati natafuta funguo kwenye mkoba. Nilimwona kwa pembe ya jicho akiingiza mkono chini ya blanketi. Nikadhani anamfunika mtoto miguu!

Wapendwa, mimi nimekulia gengeni. Mama yangu aliuza nyanya na vitunguu, na kwenye kopo lake la pesa hakukosa chumvi ya mawe, ya kuzuia chuma ulete. Kwa asiyejua: chuma ulete ni hela ya dawa. Mtu anakupa, wewe unapokea ukicheka, unaichanganya na zako, na usiku inaondoka na wenzake wote kurudi kwa aliyeituma. Mama alishaamka na kopo tupu, na mpaka leo hataki kusikia kwamba labda ni mjomba.

Miaka mitano Uingereza hakuna Mzungu hata mmoja aliyeingiza kitu kwenye kigari cha mtoto. Hata mmoja! Sasa huyu ana nini?

Nikaanza kukusanya ushahidi. Tangu jana jioni mtoto analia. (Jino.) Maziwa yamefurika jikoni. (Nilikuwa naangalia theluji.) Nikafungua pochi: tupu! (Ilikuwa tupu tangu Ijumaa, lakini ushahidi ni ushahidi.) Halafu nikaota nikiwa macho. Nikaiona sarafu ile usiku ikishuka ngazi za ghorofa letu moja moja, ikivuka theluji bila kuacha alama, ikipanda treni kwenda mjini, ikisimama kwenye taa nyekundu kwa sababu hapa ni Kanada, ikiingia benki na kutoka na vijisenti vyetu vikiifuata nyuma kwa mstari, vimevaa kofia za sufu. Vilikuwa vizuri mno. Karibu nivipungie mkono.

Baba Atu anafanya kazi za usiku uwanja wa ndege, alikuwa amelala. Nikamtikisa, nikamweleza. Akajibu kutoka ndani ya blanketi:

"Si umuulize mwenyewe?"

Mnaona mtu asiyejali familia? Nikamwacha, nikampigia Mama Neema. Mama Neema ni rafiki yangu anayekaa mji wa Pickering, mtu wa Mwanza, anayejua kila kitu, na asichokijua anakitunga papo hapo.

"Umeishika kwa mkono?" ndilo swali lake la kwanza.

"Bado."

"Usithubutu! Na mtoto kesho unampeleka huko huko?"

"Ndiyo."

"Mama Atu! Sasa sikia. Unaichukua na kitu cha chuma, unairudisha ilikotoka leo leo. Mwaga chumvi kwenye ngazi na kizingiti. Useme, 'Kilicho chako kirudi kwako.' Uondoke bila kugeuka nyuma."

"Na kesho kazini?"

"Hilo la kazi," akasema, "tutaomba."

Chumvi ya jikoni ilikuwa imekwisha. Lakini mlangoni mwa ghorofa letu kuna ndoo kubwa ya chumvi ya barabarani, ile ya mabonge ya kuyeyushia barafu. Nikaona hii si chumvi ya mawe tu, hii ni chumvi ya mawe ya serikali. Nikajaza mfuko wa nailoni. Sarafu nikaibana na kibanio cha kugeuzia mishikaki. Atu nikamwacha na baba yake, nikasema naenda kununua maziwa, nikatoka na gauni la kulalia chini ya koti.

Nje kulikuwa kuzuri, nawaambia ukweli. Hakuna gari, hakuna sauti, mvuke tu unatoka kwenye mabomba ya nyumba. Nikawa natembea na kibanio nimekinyoosha mbele, mfalme asiye na uso anapata vipande vya theluji kichwani, nami nimesahau kama nina hasira au nina usingizi. Nilisikitika pia. Supu yake ilikuwa tamu. Nilijisemea kwamba hata wachawi wana mapishi yao.

Nikafika. Ngazi zake zilikuwa kioo kitupu, barafu. Nikamwaga chumvi ngazi ya kwanza, ya pili, nikapanda hadi kibarazani nikimwaga, ikawa inalia tara-tara-tara chini ya viatu. Nikapiga mstari mnene kwenye kizingiti. Kisha nikapiga magoti, kwa sababu tundu la barua kwenye mlango ule liko chini, nikaingiza kibanio na sarafu yake.

"Kilicho chako," nikasema kwa sauti nzito, "kirudi kwako!"

Nikaachia. Sarafu ikagoma. Kibanio kikanasa! Nikavuta, hakitoki. Nikasukuma, kinaingia hadi kiganjani. Nikaweka mguu ukutani nivute vizuri. (Ndiyo, nimepiga goti moja, mguu mmoja ukutani. Msinichoree picha.)

Mlango ukafunguka kwa ndani.

Na mimi nikaenda nao. Nikaingia nyumba ya watu kwa kifua, nikaburuzwa juu ya kapeti, gauni la kulalia likanifuata kwa mwendo wake. Nilipoinua macho, sebule ilikuwa imejaa. Kumbe Jumapili Bibi Morag hukaribisha wenzake wa kanisani! Akina mama wanne wenye mvi, vikombe hewani, midomo wazi. Moto unawaka. Chumba kinanukia siagi.

Mmoja wao alikuwa Mwingereza. Nilimtambua papo hapo: mimi ndiye niliyeanguka, yeye ndiye aliyesema "samahani". Kisha akageukia dirishani, akasema theluji mwaka huu imekuja na nguvu. Nilitamani kumkumbatia.

Bibi Morag hana mambo hayo. Aliniangalia mimi, akaangalia nje, akaona ngazi zake. Akashika kifua.

"Tazameni!" akasema. "Tazameni mtoto huyu! Amekuja kunimwagia chumvi ngazini nisianguke!"

Jamani.

Wote wakasema "aaaah" kwa pamoja. Mmoja akasema alitaka kuteleza pale pale alipokuwa anaingia. Bibi Morag akaeleza kwamba tangu mumewe afariki hakuna mtu aliyewahi kukumbuka ngazi zake, na macho yakamlowa. Nikainuliwa. Nikaketishwa karibu na moto. Nikawekewa chai bila kuulizwa, na maandazi yao yale ya siagi mawili. Nikapigwapigwa mgongoni. Nikafikiria kunyamaza. Kwa nini nisinyamaze? Mtu anakuvika taji, wewe unasema halinitoshi?

"Na hicho kibanio," akauliza Bibi Morag, "ni cha nini?"

Mwingereza angekufa kabla ya kuuliza! Lakini Bibi Morag tayari alikuwa amekwenda mlangoni, amekichomoa, na sarafu ikamdondokea mkononi. Akaitambua. Akasimama pale pale ameipa mgongo sebule.

"Umenirudishia," akasema.

Nikaanza kutunga. Nikasema niliikuta, nikadhani imemdondoka bahati mbaya, nikasema nisije nikaipoteza, nikasema mengi. Akaketi polepole.

"Haikudondoka," akasema. "Kwetu mtoto akija duniani unamtilia fedha kwenye kigari. Hutangazi, unaingiza tu, apate baraka. Nilipaswa kumpa siku ya kwanza nilipomwona, lakini ilikuwa kwenye sanduku darini na magoti yangu unayajua. Hii mama mkwe wangu alimtilia mwanangu. Nilikuwa namwekea mjukuu. Mwanangu yuko Calgary, ana mbwa wawili." Akaigeuza geuza ile sarafu. "Hairudishwi, kuku wangu. Anayeirudisha anasema hataki mkono wa mtu kwa mtoto wake. Kama hutaki nimlee, ungeniambia tu."

Aibu ikanishika. Si kwa ajili ya kazi. Kazi niliisahau. Niliona tu bibi wa watu aliyepanda darini na magoti mabovu kumtafutia mwanangu baraka, nami nimemletea na kibanio cha mishikaki. Niliumia, na nilijichukia.

Basi nikasema ukweli. Wote. Genge la mama, kopo la pesa, hela inayotoka usiku na wenzake, chumvi, Mama Neema wa Pickering. Nikaongea huku natazama andazi.

Kwenye kona alikuwako bibi mmoja mwenye kifaa cha sikioni. "Amesema nini?" akauliza.

Bibi Morag akamgeukia, akamwambia kwa sauti ya kufika Dundee: "AMESEMA ALIDHANI MIMI NI MCHAWI!"

"Aha," yule akajibu, na kuchukua andazi jingine. "Sasa ndio unagundua?"

Halafu bega la Bibi Morag likaanza kucheza. Nikadhani analia. Hapana! Akacheka, wakacheka wote, vikombe vikawekwa chini visivunjike. Yule Mwingereza alicheka ndani ya leso, akaomba radhi, akacheka tena.

"Hiyo hela," Bibi Morag akauliza akijifuta macho, "inaleta kweli? Maana bili ya gesi ninayo."

Mimi machozi na makamasi. Nikamwambia naomba anisamehe. Akainuka, akachukua koti lake, akaanza kuvaa mabuti, nami nikajua ndiyo natolewa nje.

"Twende," akasema. "Safari hii namtilia mkononi mwenyewe, na wewe ukiwa unaangalia."

Wakanyanyuka wote! Hakuna aliyetaka kubaki. Tukavuka maegesho tukiwa tumeshikana mikono tusiteleze, msafara wa makoti na kofia za sufu kwenye ile theluji laini, mimi katikati na gauni langu la kulalia. Nilijiona kama bado sijaamka. Tukajaa kwenye lifti. Nikagonga mlango kwa sababu funguo nilizisahau.

Baba Atu akafungua. Kifua wazi, kiunoni kanga yangu nyekundu, mtoto begani. Akatazama akina mama watano wa Kizungu wenye theluji kichwani. Akanitazama mimi.

"Maziwa yako wapi?" akauliza.

Bibi Morag akampita bila kusubiri karibu. Akampokea Atu, akamfungua kiganja, akaiweka ile sarafu katikati. Wote wakasogea. Yule wa kifaa cha sikioni akanieleza kwamba mtoto akiiachia atakuwa mtoaji, akiing'ang'ania, basi tena, atakuwa mchoyo maisha yake yote. Atu akaitazama. Akafunga vidole. Bibi Morag akajaribu kuichukua asije akaimeza. Thubutu! Tukavuta mmoja mmoja, na baba yake, na mimi. Mtoto amekaza mpaka uso umekuwa mwekundu, hatoi.

"Mkono wa birika!" nikasema.

Nikawatafsiria. Wakashangilia hadi jirani wa juu akagonga sakafu. Bibi Morag alisema Waskoti wote husemwa ni wabahili, kwa hiyo huyu sasa ni Mskoti kamili, hata karatasi hazihitaji, na akambusu kichwani, akakaa amembeba kwa muda mrefu dirishani, wanaangalia theluji pamoja, mpaka usingizi ukamchukua Atu na kiganja kikalegea chenyewe. Sarafu akanipa mimi nimtunzie. Niliipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo kama nilivyofundishwa nyumbani. Na yeye, sijui kwa nini, akapiga goti pia, magoti yale mabovu.

Mlangoni sikuweza kuvumilia. Nikamuuliza kwa sauti ya chini: kesho je, bado?

"Saa moja na nusu," akasema. "Uje na mtoto, nguo za kubadilisha, na ndoo ile. Ngazi za nyuma bado hujanirogea."

Mama Neema, najua unasoma hapa, usinipigie. Wengine mnaotaka kucheka, chekeni kimya kimya. Mtoto ndiyo kwanza amelala.